Nyanya za Shamba la Mzee Mbaruku

Kijiwe chetu kilikuwa taruma moja kuukuu la reli, gogo lililolazwa juu ya mawe mawili mbele ya kibanda cha Isihaka muuza kahawa, pale njia ya Kwamndolwa inapoachana na njia ya mtoni. Wakaaji wa kudumu tulikuwa watatu. Semboja tulimwita Redio, kwa sababu yeye peke yake ndiye aliyekuwa na redio kijijini, na habari zote zilianzia kwake, hata zile ambazo redio yenyewe haikuzitangaza. Yordani tulimwita Kipande. Alikata mkonge kule Mazinde miaka kumi na sita, akamaliza vipande visivyo na idadi, zile kadi za kuhesabia siku za kazi, na kwa maneno yake hapakuwa na jambo duniani ambalo hakuliona kwenye mkonge. Mimi, Athuman, nilikuwa Karani, maana niliandika kumbukumbu za mikutano ya kijiji. Ilikuwa mwaka sabini na sita, mwaka wa pili tangu tukusanywe kutoka mabondeni na vilimani tujengewe kijiji kimoja. Kahawa ya Isihaka ilikuwa chungu na kashata hazikuwepo kila siku, lakini mtu akikaa pale baada ya sala ya alasiri aliondoka anajua sababu ya kila kitu. Mwaka ule tulichokijua kuliko vyote ni sababu ya nyanya za kijiji kufa.

Nyanya zenyewe zilikuwa kwenye bustani ya ujamaa, eka mbili za udongo mweusi kando ya mto. Kabla ya kijiji, eka zile zilikuwa za Mzee Mbaruku, Mzigua mmoja mkimya aliyezaliwa hapo hapo. Kijiji kilipoanzishwa, zikawa zetu sote. Msimu wa kwanza tulipanda nyanya, zikazaa mpaka matawi yakaegeshwa kwa fito. Lori lilizichukua kwenda Tanga, na kwa fedha zake tukaanza kuhesabu mabati ya zahanati tuliyotaka kujenga. Msimu wa pili tukapanda tena nyanya pale pale, zikazaa kwa kusuasua. Msimu wa tatu tukapanda tena.

Aliyesimamia bustani alikuwa Mama Mashavu, na kina mama wenzake kumi na wanane. Huyu hakuhitaji kuhimizwa habari ya zahanati. Mtoto wake wa mwisho alimzaa njiani, akielekea hospitali ya Korogwe kwa miguu.

Siku moja alasiri akapita kijiweni, jembe begani, matope mpaka magotini.

— Hamjambo, ndugu zangu.

— Hatujambo, Mama Mashavu. Za bustanini?

— Si njema. Zinanyauka. Asubuhi zimesimama, jua likipanda zinalala. Jioni zinainuka kidogo, na kesho yake haziinuki tena. Majani ya chini yanageuka manjano, tena upande mmoja. Jana zilikuwa mistari miwili. Leo ni saba.

— Maji tu hayo, akasema Redio. Zimwagilieni.

— Tunamwagilia, Semboja. Udongo unatota.

— Basi mnazidisha.

Mashavu alimtazama kidogo, akaenda zake. Redio akapokea kikombe, akavuta kahawa kwa sauti.

— Mimi nawaambia, ni yale majaribio ya mabomu ya wakubwa huko ng'ambo. Hewa imechafuka. Nyanya ina ngozi laini, inaipata mapema kuliko sisi.

— Na mchicha, mbona mzima? nikauliza.

— Mchicha ni wa kwetu. Umezoea shida.

Kipande akatikisa kichwa kama mwalimu aliyesikia jibu la darasa la kwanza.

— Hewa gani, bwana. Ardhi ina njaa. Kule Mazinde kuna milima ya makapi ya mkonge, yale yanayobaki mashine ikishatoa nyuzi. Pale yanapotupwa, majani yanaota marefu kuliko mtu. Nimeyaona kwa macho yangu. Tuyalete, tuyamwage kwenye nyanya, wiki moja mtanitafuta mnishukuru.

— Yamwagwe mabichi hivyo hivyo? Isihaka akauliza. Huyu kwa kawaida hakusema, alimimina tu.

— Mabichi ndiyo yenye nguvu. Wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi.

Hakuna aliyeuliza samaki anahusikaje. Kipande alikuwa na uhakika, na mtu mwenye uhakika kijiweni ni nusu ya serikali. Kesho yake alimwona mwenyekiti wa kijiji, keshokutwa trekta lililokuwa likirudi tupu kutoka Mazinde likaleta tela mbili za makapi, ya kijani, yanayotoa mvuke na harufu ya kuchoma pua. Mashavu alisema afadhali yarundikwe kwanza yaoze. Akaambiwa asirudishe nyuma maendeleo. Tukayamwaga mashinani mwa nyanya, mistari kumi, sisi wenyewe wanaume wa kijiweni, siku ambayo tulifanya kazi kwelikweli.

Siku ya nne ile mistari kumi ilikuwa imeungua, majani yamekuwa kama karatasi iliyopita motoni. Na ile mingine iliendelea kunyauka kwa mwendo wake.

Hapo ndipo mazungumzo yetu yalipobadilika. Mtu akikosea peke yake hucheka. Akikosea mbele ya kijiji kizima hutafuta wa kumbebesha. Kipande alikaa siku mbili bila kufungua mdomo, siku ya tatu akafungua.

— Makapi yangu hayana kosa. Nimefanya kazi nayo miaka kumi na sita. Kwa nini yaunguze hapa, yasiunguze Mazinde? Kuna kitu kimo ndani ya ule udongo.

— Kitu gani? nikauliza.

— Cha kuwekwa.

Redio akasogea karibu, akapunguza sauti, jambo ambalo hakulifanya hata kwa redio yake.

— Ule udongo ulikuwa wa nani?

Sote tulijua ulikuwa wa nani.

— Karani, akasema Redio, wewe ndiye mwenye daftari. Kwenye ule mkutano wa kabla ya msimu huu, Mzee Mbaruku alisemaje?

Nilikuwa nalo mkobani. Nikafungua, nikawasomea maandishi yangu mwenyewe: Mzee Mbaruku alisimama, akapinga kupandwa nyanya. Alisema ardhi ile itakataa. Mwenyekiti akamweleza kuwa mambo ya kusema ‘shamba langu’ yamekwisha.

— Umesikia? Itakataa, akasema Redio. Ajuaje kuwa itakataa kama si yeye aliyeiambia ikatae?

— Penye moshi pana moto, akasema Kipande. Mzee alinyang'anywa eka mbili. Ungekuwa wewe ungefurahi?

— Hakunyang'anywa, nikasema. Zilitolewa kwa kijiji.

— Basi wewe ungetoa ukafurahi?

Lazima niseme hapa jambo ambalo lilinisumbua baadaye. Yale niliyoandika hayakuwa maneno yote ya mzee. Siku ile alisema mengi, kwa sauti yake ndogo, Kiswahili kimechanganyika na Kizigua, na watu wa nyuma walikuwa wanacheka kuwa anatamani shamba lake. Mimi nilikuwa nimechoka, jua lilikuwa limeshazama nusu. Nikaandika mstari mmoja na nusu, nikafunga daftari.

Maneno ya kijiweni yana miguu. Ndani ya wiki yalifika kisimani. Chausiku, mke wa Mzee Mbaruku, akifika na ndoo wenzake wanaondoka. Asubuhi moja boma la mbuzi wa mzee likakutwa limebomolewa, mbuzi wametawanyika porini, na mmoja hakuonekana tena. Mzee aliwatafuta mchana kutwa, akarudi, akajenga boma upya. Akipita kijiweni alitusalimu kama siku zote, nasi tulimwitikia shikamoo zetu tukitazama vikombe.

Redio akaja na pendekezo.

— Ijumaa kuna mkutano. Karani, andika kwenye ajenda. Kule Mazingara kuna mganga anayejua kunusa wachawi. Aitwe, apite nyumba kwa nyumba. Akikutwa mwenye kitu, ahame. Kijiji ni umoja, hakiwezi kufuga nyoka.

— Ahamie wapi? akauliza Isihaka.

— Dunia ni pana.

— Yule kazaliwa hapa. Sisi ndio tumekuja.

— Wewe mimina kahawa, Isihaka.

Isihaka akamimina. Nami, naandika haya bila kujitetea, nikaiandika ajenda. Ilikuwa ya nne.

Siku ya Alhamisi Mashavu alikuja kijiweni, na safari hii hakupita. Alisimama mbele yetu, mkono mmoja kashika mche wa nyanya ulionyauka, na mizizi yake na udongo wake, mkono mwingine kashika kisu cha jikoni.

— Nataka kuwauliza, akasema. Miche imekufa zaidi ya mia nne. Kati yenu nani ameng'oa hata mmoja akautazama ndani?

Redio akakohoa. Kipande akasema:

— Mti uliokufa umekufa, mama. Utautazama nini?

Mashavu alisogeza vikombe pembeni. Aliweka shina juu ya taruma, kati yangu na Kipande, akalipasua kwa urefu kama mtu anayepasua muhogo. Ndani, chini ya ganda, ulipita mstari wa rangi ya kahawia, kutoka mizizini mpaka juu karibu na majani. Akatoa mche mwingine kwenye kanga, mzima, akaupasua. Huo ulikuwa mweupe wenye ukijani, safi.

— Haya, niambieni. Mabomu yaliingilia wapi? Uchawi ulipanda kwa ngazi gani? Mimi naona kitu kimeingia kwa mizizi kikapanda, kikaziba njia ya maji. Ndiyo maana mche unakufa kiu na udongo umetota.

— Umejuaje hayo? nikauliza.

— Nimekwenda kumwuliza mwenye shamba.

Hapakuwa na mtu aliyekunywa.

— Nilikwenda jana, akaendelea. Nilimkuta anafunga fito za boma. Nikamwambia, shikamoo baba, nyanya zinakufa, na watu wanasema ni wewe. Akasema, najua wanavyosema. Nikamwambia, mimi sikuja kusema, nimekuja kuuliza. Akaweka fito chini, akachukua kisu hiki hiki kwa mkewe, tukaenda naye bustanini, akanionyesha kama ninavyowaonyesha.

— Sasa akasemaje ni nini? Kipande akauliza, na sauti yake haikuwa ile ya siku zote.

— Anasema ni ukungu unaoishi ndani ya udongo. Hauonekani kwa macho. Ukipanda nyanya kila msimu mahali pale pale, unaulisha, na sisi nyanya zilizokufa tulikuwa tunazifukia humo humo kwa jembe, tunadhani ni mbolea. Anasema yeye hakuwahi kurudia nyanya mahali pamoja kabla ya kupita miaka mitatu. Katikati alipanda mahindi, halafu marejea, yale majani ya kurutubisha udongo, yenye maua ya njano. Yakianza kutoa maua anayakata, anayafukia, anaacha mvua ishughulike nayo. Nyanya zetu za mwaka wa kwanza tulizojisifia zilikula jasho lake.

— Na makapi yangu? Kipande akauliza polepole.

— Makapi si mabaya. Mabichi yana ukali, yanachoma. Anasema ungeyarundika yakaoza mpaka yawe meusi na yasiwe na harufu, yangefaa. Hata samadi ni hivyo hivyo. Udongo uliolishwa vitu vilivyooza vizuri unajaa vidudu vidogo vidogo, na hivyo ndivyo vinavyoubana ule ukungu usipate nafasi. Nilimwuliza vinaitwaje. Akasema majina yake hayajui, kazi yake anaijua. Bwana shamba mmoja wa zamani alimwonyesha kupasua shina, mengine ameyaona mwenyewe kwa miaka.

Redio alikuwa bado hajakubali.

— Kama alijua yote hayo, kwa nini hakusema mkutanoni?

Mashavu akanigeukia mimi.

— Alisema. Mimi nilikuwa nimekaa mbele, nilimsikia. Alisema msirudie nyanya, wekeni marejea, la sivyo ardhi itakataa. Nami nilikaa kimya, kwa sababu nilitaka mabati kama ninyi. Kosa langu ni hilo. Lako ni lipi, Karani?

Jioni ile nilikwenda kwa mwenyekiti nikamwambia ajenda ya nne nimeifuta, na mahali pake nimeandika bustani. Akaniuliza nimepata wapi mamlaka hayo. Nikamwambia aje bustanini na kisu. Alikuja. Alipasua mashina matano kwa mkono wake mwenyewe, kisha akakaa kwenye tuta na kusema, ajenda ya nne iwe bustani.

Mkutanoni Mzee Mbaruku alisimama mara ya pili, na mara hii hapakuwa na aliyecheka. Mama Mashavu akaomba eka moja ifanyiwe anavyosema mzee, na moja iachwe kama tulivyozoea, watu waone wenyewe. Mzee alitikisa kichwa.

— Nyanya zilizokufa zing'olewe zote, akasema. Zichomwe moto, mbali na maji. Hiyo ni kwa eka zote mbili. Halafu fanyeni mtakavyo.

Tukazing'oa, tukazichoma. Eka ya juu ikapandwa marejea. Yalipofika kiunoni na kuanza njano, kina mama wakayakata na kuyafukia. Mzee alitoa samadi ya mbuzi wake, ile ya chini kabisa bomani, nyeusi, laini, unaishika mkononi kama unga. Kipande ndiye aliyeibeba. Hakuna aliyemtuma. Alibeba ndoo baada ya ndoo siku nne, na kila akifika bomani alimsalimu mzee na kuondoka bila neno jingine. Lile rundo lililobaki la makapi alilifunika kwa majani, akawa analigeuza kila wiki kwa uma wa shamba.

Mzee alitaka tusubiri miaka mitatu. Mwenyekiti, ambaye mkoani walikuwa wanamwuliza habari za nyanya, alisema msimu mmoja. Wakakubaliana kujaribu mistari michache tu, na sehemu kubwa ikawekwa mahindi. Mashavu alihesabu mwenyewe. Katika eka ya chini, iliyoachwa kama zamani, kati ya kila miche kumi ni miwili tu iliyofika kuzaa. Katika eka ya juu, kati ya kila miche kumi ilifika saba. Mzee Mbaruku alipoambiwa hakuruka kwa furaha.

— Mitatu imekufa, akasema. Ukungu bado upo. Hauondoki, unapunguzwa tu. Mkirudia tena mwaka kesho mtaurudisha.

Hatukurudia. Mwaka uliofuata ilikuwa marejea na mahindi, na nyanya zikahamia kwa kina Rehani, familia moja ya upande wa pili wa mto, penye udongo ambao haukuwahi kuonja nyanya. Zahanati ilipata mabati yake, ingawa kwa kuchelewa, na mtoto wa kwanza kuzaliwa humo alikuwa wa mmoja wa wale kina mama kumi na wanane.

Na kijiweni? Kijiweni tulipona upesi. Mwezi haukuisha, Redio akawa anaeleza wapita njia jinsi kijiji chetu kilivyoshinda mnyauko. Siku moja akaja mwalimu mpya wa shule, kijana mpole, jina lake Lukasi, ametoka chuoni juzi juzi. Tukampisha nafasi, Isihaka akampa kikombe.

— Huyu hapa, Redio akamwambia akimshika Kipande bega, ndiye aliyekuja na wazo la makapi. Sasa hivi ni mboji, nyeusi tititi. Mwanzo yalituletea matatizo madogo.

— Madogo, Kipande akakubali.

— Na huyu Karani ndiye aliyebadilisha ajenda. Kwa kweli tulianza kuchunguza hapa hapa, kwenye kiti hiki. Tulipasua shina. Mimi nilikuwepo.

— Na ujuzi wenyewe wa marejea? akauliza mwalimu.

— Wa Mzee Mbaruku. Mzee wetu huyo. Hazina ya kijiji.

Redio alikuwa amekolea. Akamhadithia yote tangu mwanzo, na kwa kuwa hadithi nzuri haipendi kuruka kitu, akamhadithia na ile ya uchawi pia, akicheka: kisima, boma lililobomolewa, mbuzi aliyepotea, mganga wa Mazingara aliyekuwa aitwe. Akaieleza kama ujinga wa watu fulani, wa zamani, wasiojulikana. Mwalimu alisikiliza bila kucheka, kikombe mkononi. Redio alipomaliza, akauliza kwa upole kabisa, kama mtu anayetaka tu kujua hadithi iliishaje:

— Na mlipokwenda kumwomba radhi, mzee alisemaje?

Redio alimnyooshea Isihaka kikombe. Kipande akaanza, wahenga walisema, halafu methali haikuja. Nilijaribu kukumbuka kama kuna siku, katika misimu yote ile ya ndoo za samadi na shikamoo na mahesabu ya miche, mmoja wetu alitamka neno lile. Nikapitia siku moja moja, kama ninavyopitia kurasa. Hapakuwa na siku hiyo.

Mwalimu aliona, akainamisha macho. Isihaka hakumimina.

Nikaweka kikombe changu chini, kahawa ikiwa bado nusu, nikashika njia ya mtoni, kuelekea kwa Mzee Mbaruku. Sikuwa nimejipanga la kusema. Nilipofika kwenye tuta la kwanza la mahindi nikasikia katambuga za tairi za mtu nyuma yangu, zikikokota, nikajua bila kugeuka kuwa ni Kipande.